Gego Lililong'olewa Mara Mbili

Mliniacha nimesimama mbele ya Daktari Babiker, naye ametia kidole katikati ya kitabu changu cha wagonjwa. Kidole bado kimo, na mimi bado nimesimama.

Kwa aliyepitwa na yaliyotangulia nitafupisha. Mimi Thani si daktari. Nilijifunza meno kwa kusimama miaka saba nyuma ya bega la daktari mmoja wa Kigoa huko Unguja, nikimpa koleo, nikimshikia taa, mpaka mwisho koleo nikazishika mwenyewe. Mwaka 1966 nilifika Maskati, nikapanga chumba Matrah, nikanunua kiti cha kinyozi na stovu ya kuchemshia vyombo. Watu wakaniita daktari. Sikuwakatalia hata siku moja, na hilo ni kosa langu la kwanza.

Ilipokuja serikali mpya mwaka 1970, ilikuja pamoja na afisi ya afya, na afisi ikatoa amri. Kila anayetia mkono kinywani mwa watu alete karatasi zake. Waliosoma chuo watapewa cheti kamili. Sisi wa kujifunzia kazini tutapewa ruhusa ya mwaka mmoja, kung'oa na kuziba basi, kwa sharti kitabu cha wagonjwa kiwe safi. Asiyepata ruhusa atafunga mlango.

Mimi sina kazi nyingine. Sijui kuuza nguo, sijui gari, na kwa ukarani hati yangu husomeka kwa taabu. Nikifungiwa kile chumba, mimi ni mtu wa kukaa barazani na kuulizwa habari za zamani.

Daktari Babiker, Msudani aliyeletwa kutukagua, alikaa kwangu asubuhi nzima. Alizishika koleo moja moja, akazinusa. Akaisoma barua ya yule Mgoa wangu mara mbili, akasema ni barua ya mtu mwenye adabu. Nikaona mambo yanakwenda, nikathubutu hata kumwagizia kahawa.

Kisha akakifungua kitabu. Mfukoni mwake alikuwa na karatasi mbili za malipo ya matibabu kutoka kampuni ya mafuta, akazilinganisha na mistari yangu.

“Mke wa huyu Sleyum,” akasema, “ana magego mangapi ya mwisho, chini, kushoto?”

Nikamjibu kwamba analo moja, kama watu wote.

“Umemng'oa mawili. Moja mwezi wa Agosti, na moja Septemba.”

Hapo ndipo mliponiacha.

Sasa nieleze jambo ambalo Msudani yule hakulijua, na ninyi mnalijua. Kwetu jina la mke wa mtu haliandikwi kwenye kitabu kinachopita mikononi mwa wanaume. Ni aibu. Mwenyewe ataona kama umemvua ushungi sokoni. Kwa hiyo niliandika, kwa Kiarabu, “wa nyumbani kwa fulani”, nikaandika jino, nikaandika siku, nikafunga. Wanawake wa nusu ya Matrah walikuwa mle kitabuni na hakuna hata mmoja mwenye jina.

Na Sleyum ni shemegi yangu. Ni mume wa dada yangu Bakhita, tumbo moja baba mmoja, na ni karani katika kampuni ile. Kampuni iliwakatia watumishi wake bima ya matibabu, na zamani ilimlipia yeyote aliyetoka nyumbani kwa mtumishi. Mwaka ule wakaibadilisha. Ikawa kadi moja tu, ya mtumishi, watoto wake, na mke mmoja.

Sleyum alikuwa na wake wawili. Wa pili, Hamdiya, alimweka Sidab, na dada yangu hakuwa na habari.

Mimi nilikuwa nayo. Sleyum alimleta kwangu mwezi wa Septemba, shavu limevimba, anatetemeka kwa maumivu, na mkononi ana kadi ya Bakhita. Mwezi mmoja nyuma nilikuwa nimemng'oa dada yangu gego lilelile, upande uleule. Nilimtazama Sleyum, Sleyum akatazama dari. Nikachukua sindano ya ganzi.

Ningeweza kuandika jino jingine, la juu, la kulia, lolote. Meno yapo thelathini na mawili na hakuna ambaye angejua. Lakini miaka saba yule Mgoa alinipiga makofi ya kisogo kila nilipoandika jino silo, na mkono ukazoea. Nikamficha mwanamke mzima, nikaliandika gego lake sawasawa.

Daktari Babiker hakugomba. Afadhali angegomba. Alifunga kitabu, akakitia kwapani mwake, akaniambia nimlete mwanamke huyo Alhamisi amtazame kinywa mwenyewe.

“Sikiliza, ya akhi,” akasema akiwa mlangoni. “Mtu akivunja mzizi ukabaki, nitamsamehe. Mimi mwenyewe nimevunja. Karatasi ya uongo siisamehe. Hiyo ruhusa naichana.”

Ilikuwa Jumatatu. Tangu pale mpaka Alhamisi sikukaa. Nilichemsha koleo ambazo hazikutumika, nikazifuta, nikazichemsha tena. Mzee mmoja aliyekuja kuzibwa jino aliniomba nitulie mahali pamoja, kwani kila akifumbua jicho ananiona upande mwingine. Nilikwenda mpaka lango la soko nikarudi, bila ya kununua kitu wala kumsalimu mtu. Watu wakaanza kuniuliza kama naumwa.

Jumanne nikamfuata Sleyum kwenye duka la nguo la rafiki yake, anapopenda kupumzika akitoka kazini. Nilimvuta nyuma ya majora nikamweleza yote. Alisikiliza, jasho likamtoka mpaka kola ikalowa, na ulikuwa mwezi wa Disemba.

Kwanza alinilaumu kwa kuandika. Nikamwambia kuandika ni kazi yangu, kuoa kwa siri si kazi yangu. Kisha akalia njaa, kwamba kampuni itamfukuza, kwamba Bakhita atarudi kwangu na watoto, kwamba Hamdiya hana baba. Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumkumbatia, maana kwa mara ya kwanza nilimwona mtu anayeogopa kuliko mimi.

Ghafla akatulia. Akaniuliza yule Msudani alisema nini hasa kuhusu mzizi. Nikamrudilia.

“Basi si umeshaambiwa dawa?” akasema. “Agosti ulimng'oa Bakhita, mzizi ukabaki. Septemba ukauondoa. Jino moja, siku mbili. Mzizi tu, shemegi. Mzizi mmoja utaziokoa nyumba mbili na kiti chako.”

Nilimkasirikia sana. Mimi sijawahi kumwachia mtu mzizi tangu nilipoanza kushika koleo peke yangu. Watu walitoka Hail mpaka Matrah, safari yote ile juu ya punda na magari ya mizigo, kwa sababu mkono wangu ni msafi. Sasa niandikwe kwamba nilimvunjia dada yangu mwenyewe mzizi ndani ya ufizi, nikamwacha nao mwezi mzima?

Nilirudi nyumbani na hasira hiyo. Kufika mlangoni nilikuwa nimeshakubali.

Palibaki kumwendea Bakhita. Nilimkuta anapepeta mchele, miguu ameinyoosha, ungo mapajani. Nilijikohoza, nikatoa maneno niliyoyapanga njiani. Nikamwambia afisi inakagua wagonjwa, na imemchagua yeye. Nikamwambia kuna kosa dogo la uandishi, kwamba huenda akaulizwa kama alikuja kwangu mara mbili, na kwamba akiulizwa aitikie tu, nisipate taabu ya kueleza.

Nilitegemea maswali. Dada yangu ni mtu wa maswali tangu utotoni, hata ukimwambia mvua inanyesha atauliza imeanzia wapi.

Hakuuliza. Alirusha mchele, akapuliza makapi, akanambia atakuja.

“Saa ngapi?” ndilo neno lake pekee.

Niliondoka pale mwepesi, na nilikuwa na haya. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Asiyejua hakosi usingizi kwa kitu asichokijua, ndivyo nilivyojiambia, na nyumba yake imesimama, na watoto wana baba. Yote hayo kweli. Lakini msomaji, nimeahidi kuungama: kilichokuwa mbele ya macho yangu njia nzima ni kile kiti cha kinyozi.

Alhamisi Daktari Babiker aliwahi kuliko mimi. Nilimkuta mlangoni, kitabu changu bado kwapani, anasoma kibao changu cha “Daktari Thani”.

Tulipoingia nikamtolea habari ya mzizi kabla hajaketi. Kiarabu changu ni cha Unguja, cha chuo cha Kurani na msikitini zaidi kuliko cha sokoni, na siku ile kilinikauka mdomoni. Nikamwambia niliuvunja mwezi wa Agosti, nikaona haya kuandika, mwezi uliofuata nikauondoa. Maneno yalipotoka niliyachukia, kama ninamsema vibaya mtu nimpendaye.

Akaketi kwanza.

“Inawezekana,” akasema. “Kwa nini hukunambia Jumatatu?”

Nikamjibu kwamba niliona haya kwa mgeni. Jibu hilo lilimwingia. Akaandika kitu pembeni ya karatasi, na nikaona bega lake limelegea kidogo. Nikajua, kwa jinsi mtu anavyojua ganzi imeshika, kwamba yule bwana alitaka kunipa ruhusa. Alikuwa anatafuta njia tu.

Bakhita akaingia, buibui lake jeusi, uso wazi. Alimwamkia mgeni kwa adabu, akapanda kitini bila ya kusaidiwa. Nilimweleza Daktari Babiker kwamba huyu ndiye mke wa Sleyum, na ni dada yangu. Akashangaa kidogo, akatikisa kichwa, akachukua kioo.

Alitazama pengo kwa muda mrefu. Aligonga jino la jirani, akapitisha kidole juu ya ufizi. Akasema amepona vizuri sana. Sikujua kama hilo ni sifa au ni tuhuma.

Akataka kumuuliza mwenyewe. Alianza kwa Kiarabu, Bakhita akanigeukia mimi. Dada yangu alizaliwa Unguja na mara chache hutoka nyumbani peke yake, Kiarabu chake kinamtosha kwa swala na kwa muuza samaki. Daktari akaniuliza nani mwingine anajua lugha yetu hapa. Nikamwambia labda tutafute mtu sokoni.

Alifikiri. Kisha akaniambia maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo.

“Hapana. Fasiri wewe. Nikikupa ruhusa, watu wataamini mikono yako, na mimi sitakuwepo kuitazama. Basi na mimi leo nitauamini ulimi wako. Muulize amekaa kwenye kiti hiki mara ngapi.”

Mngefanya nini? Mtu kakukabidhi mizani akageuka pembeni.

Nikamgeukia dada yangu. “Bakhita, daktari anauliza umekaa kwenye kiti hiki mara ngapi.” Na hapohapo, kwa sauti ileile, uso uleule, kama kwamba bado ni swali la daktari, nikaongeza: “Sema mbili. Ntakueleza nyumbani.”

Daktari Babiker alitikisa kichwa kwa upole, akingoja. Hakuelewa hata neno.

Bakhita aliweka mikono yake mapajani, kama siku ile ya ungo.

“Mimi nimekaa mara moja,” akasema. “Ya pili kakaa mke mwenzangu.”

Nikasema jina lake tu, kwa sauti ya chini, nikimwomba.

“Usintazame hivyo. Nlikutana naye harusini kwa kina Masouda, mwezi wa Shaaban, tumekaa mkeka mmoja. Tukazungumza meno, kwa lugha yetu. Akanionesha pengo lake, nami n'kamwonesha langu, tukacheka. Akanambia kang'olewa na Daktari Thani, mkono mwepesi, hata hakusikia. Akanambia mumewe Sleyum, karani wa kampuni. Mwanamke mzuri, simlaumu.”

Nilimwambia, kwa sauti nisiyoijua, kwamba Sleyum ndiye aliyenileta kwenye jambo hili.

“Sleyum mume. Mume mtu baki, akitaka kesho atanipa talaka yangu twende zetu. Sikumngoja Sleyum. Nlikungoja wewe. Ramadhani nzima umefuturu kwangu. Kila jioni nnakutilia uji, nnasema moyoni, leo atanambia. Mpaka Idi ukaja, ukala, ukaondoka. Juzi nlipokuona mlangoni n'kasema alhamdulillahi, kaja. Ukanletea habari ya kosa la uandishi.”

Hakulia. Nililia mimi, kidogo, nikajifanya nafuta jasho. Kwa siku tatu nilikuwa nikihangaika nisije nikamwumiza dada yangu, na kumbe maumivu aliyapata zamani, na sehemu kubwa nilimpa mimi.

Daktari Babiker akakohoa. “Amesema maneno mengi kwa nambari moja,” akasema. “Mara ngapi?”

Hapo msomaji uone jinsi nilivyobanwa. Nikisema mbili, ruhusa ile iko kwenye mkoba wake, ameshaiandika jina langu, nimeliona. Sleyum atabaki na kazi yake. Mimi nitabaki na kiti changu. Bakhita hawezi kunipinga kwa lugha asiyoijua.

Nikisema moja, nimekiri karatasi ya uongo. Na alishaniambia karatasi ya uongo anaifanya nini.

Bakhita akaniona ninavyopima. Alinijua tangu sijaota meno.

“Kiarabu changu kidogo, Thani,” akasema. “Lakini moja na mbili nazijua.”

Sikuweza tena. Si ushujaa, msinisifu bure. Ningekuwa peke yangu na yule Msudani ningesema mbili na ningesema tatu. Ila niliona nikilitamka lile neno mbele yake, hata nikipewa vyeti vyote vya dunia, sitakuwa na mahali pa kufuturu.

“Mara moja,” nikamwambia daktari. “Habari ya mzizi nimeitunga mimi.”

Kisha akachukua kalamu, akaifunga kifuniko chake taratibu, akaitia mfukoni. Hakuonesha hasira. Alionesha uchovu, kama mtu aliyefika na mzigo mlangoni akaambiwa nyumba siyo. Nikajua ile karatasi mkobani haitoki tena leo, na huenda haitoki kabisa. Kiti kile nilikitazama kama ninakiaga.

“Basi jino la pili,” akasema, “ni la nani?”

Hilo sikuwa tayari nalo. Kukiri kosa langu ni jambo moja. Kumtaja mwanamke wa watu kwa jina mbele ya mtu wa serikali ni jambo jingine, na nilisimama nikitafuta namna ya kumweleza mgeni kwamba hili kwetu halisemwi, angalau asubiri mwenyewe Sleyum aitwe.

Bakhita alinisoma usoni, akaelewa swali bila ya kufasiriwa. Akashuka kitini. Akaunyoosha ushungi wake, akaenda mpaka kwenye pazia la mlango, na hapo akanigeukia.

“Huyo wa pili nimekuja naye. Nimempitia Sidab asubuhi, yuko nje kwenye benchi. Bado hajanijua mimi nani, anadhani sote tumeitwa kutazamwa mapengo. Haya, mwite ndani. Utatujulisha wewe.”